Simu Ndani ya Kochi la Mwalimu Mkuu

Mambo yaliharibika Jumanne, siku ambayo Fundi alishona simu ya binti yake ndani ya kochi la Mwalimu Mkuu.

Asidhaniwe alikuwa amelewa. Alifanya kwa akili zake timamu, na akili zenyewe alikuwa amepewa na wakubwa. Wiki iliyotangulia shule iliita wazazi, wakakalishwa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, na Mwalimu Mkuu akasimama mbele yao na suti yake ya mikutano. Akasema watoto wameharibika. Hawali, hawalali, wanatembea kama kuku walionyeshewa, na chanzo ni kimoja tu. Akainua simu yake mwenyewe juu, wote waione. "Mzazi, huyu ndiye adui aliyemo ndani ya nyumba yako," akasema. "Nyang'anya, ficha, na siku moja utakuja kunishukuru." Wazazi wakapiga makofi. Fundi alipiga kuliko wengi, kwa sababu kila kilichosemwa pale kilikuwa kama kimepimwa kwa futi juu ya mwanawe. Alikuwa anangoja kusikia kinachofuata, maana jambo kubwa kama lile haliwezi kuwa na hatua moja, lakini simu ya Mwalimu Mkuu ikalia kule kule juu alikoishikilia, akatoka nje kuipokea, na mkutano ukaishia hapo.

Fundi alikuwa fundi wa makochi, na mtaa mzima haukumwita jina jingine. Makochi yalikuja kwake yamebonyea kama mizigo iliyokaliwa, akayavua, akayajaza, akayavisha upya. Karakana yake ilikuwa uani kwake mwenyewe, chini ya mabati, kwa hiyo mtu akitoka chumbani alikanyaga vipande vya sponji kabla hajakanyaga ardhi. Waliishi watu watatu: yeye, binti yake wa miaka kumi na mitano, na Shangazi, dada yake, ambaye alikuja kwa siku chache za msiba wa mke wa Fundi na akasahau kuondoka.

Binti huyu zamani alikuwa akirudi shule majirani wanajua. Siku hizi alikuwa anaingia kama mpangaji anayemkwepa mwenye nyumba. Chakula alikizungusha kwenye sahani mpaka kikachoka chenyewe. Usiku, nyuma ya pazia lililogawa chumba, baba yake alimsikia akinong'ona peke yake, akadhani anakariri masomo. Alikwenda kujisifia mpaka kwa muuza misumari. Akasema mwanangu anasoma kwa sauti, tena bila kusukumwa. Muuza misumari akampongeza.

Shangazi ndiye aliyemwondolea raha hiyo. Alimwambia kwamba hakuna somo duniani linalosomwa kwa kulia, na kwamba kama kakaye angekuwa na masikio ya kusikiliza watu kama anavyosikiliza springi, angelijua mapema. "Ni ile simu, kaka," akasema. "Mwalimu mwenyewe si amesema?"

Basi Jumanne asubuhi, Binti alipokwenda shule, Fundi aliinua mto na kuichukua simu. Swali likawa aifiche wapi. Mtoto yule alilijua kila kopo la nyumba ile. Alijua chini ya godoro, alijua juu ya kabati, alijua hata ndani ya sanduku la marehemu mama yake, mahali ambapo Fundi mwenyewe hakuwa na ujasiri wa kutia mkono. Uani palikuwa na kochi la Mwalimu Mkuu, kitambaa kipya cha rangi ya maini, limekamilika isipokuwa mkono wa kushoto. Fundi akaivingirisha simu kwa kipande cha sponji, akaisukuma ndani ya mkono ule, akavuta kitambaa na kukishona kwa ule mshono wake usioonekana, ambao hata yeye humbidi apapase kwa kidole ndipo aupate. Alijiona mjanja. Kochi lingechukuliwa Jumamosi. Kabla ya hapo angelishonoa, akakaa na mtoto na kumsemesha kama baba. Angemwambia nini, hilo hakuwa amelifikia.

Akaenda zake kununua gundi.

Aliporudi, mahali pa kochi palikuwa patupu. Zilibaki alama za miguu minne kwenye vumbi, na Shangazi ameketi kando anajipepea, uso wa mtu anayesubiri kusifiwa. Alieleza kwamba Mwalimu Mkuu ametuma gari, kesho anatembelewa na Afisa Elimu nyumbani kwake na hana pa kumkalisha. Yeye Shangazi alilitazama kochi akaliona limeshonwa kila upande, akalipangusa, akawasaidia kulipakia, na akamkanya dereva asilikimbize kwenye matuta.

"Nimekupunguzia kazi, kaka."

Fundi akaweka gundi chini.

*

Mchana Binti alirudi, akapita nyuma ya pazia. Wakasikia godoro likigeuzwa, kisha likigeuzwa tena. Akatoka.

"Baba, simu yangu umeiona?"

Fundi alikuwa ameandaa hotuba. Alimwambia ni yeye aliyeichukua, kwamba ni kwa faida yake, kwamba hata Mwalimu Mkuu ameagiza, na kwamba ipo siku atamshukuru. Alikuwa amejiandaa kwa kilio. Alijiandaa hata kwa matusi, na kuamua atayasamehe. Mtoto hakulia.

"Umeizima?" akauliza.

"Kuizima vipi?"

"Inawaka? Meseji zinaingia?"

"Mimi nitajuaje, mama? Mimi ni fundi wa makochi." Alimwita mama kwa kuwa mtoto alirithi jina la bibi yake, mzaa baba.

Binti akakaa chini, katikati ya vipande vya sponji, na sare yake ya shule. "Basi nimekwisha," akasema, kwa sauti ile ile ambayo mtu hutumia kusema maji yamekatika.

Ndipo Fundi akaogopa. Shangazi naye aliogopa, ila yeye woga wake huwa na kelele. Alimpikia uji, akamtishia, akamwombea, akamkumbusha wasichana wa zama zake ambao hawakuwa na simu na wakaolewa vizuri, mpaka mtoto akafunika masikio kwa mikono miwili. Fundi akamwomba dada yake aende akanunue chumvi. Chumvi ilikuwepo. Shangazi alimtazama, akaelewa, akaenda.

Katika nyumba ile palikuwa na desturi moja. Kochi lililokwisha lilikuwa halitoki mpaka lijaribiwe na watu wawili. Mtu mmoja kochi humdanganya. Wakikaa wawili, mmoja akisogea, ndipo linapotoa mlio wake wa siri. Kwa hiyo Fundi na mkewe walikuwa wakikaa juu ya kila kochi la watu na vikombe vyao vya chai, bega kwa bega, wanautazama ukuta, na hawainuki mpaka chai iishe. Mambo yote makubwa ya nyumba yalisemwa hapo. Mtu anayetazama ukuta hutoa neno ambalo hawezi kulitoa akitazamwa usoni. Mke alimwambia hapo kwamba ana mimba. Alimwambia hapo pia kwamba amepapasa uvimbe. Tangu amzike, Fundi alikuwa anayajaribu makochi kwa ngumi. Ngumi kushoto, ngumi kulia, limekwisha, lipakieni. Wateja hawakuona tofauti, na hakuna aliyemuuliza.

Siku ile uani palikuwa na kochi moja tu, na lenyewe lilikuwa mifupa mitupu, mbao na springi. Fundi akatandika gunia juu yake. Akachemsha chai mwenyewe, chai ya kusikitisha, akaleta vikombe viwili.

"Njoo tulijaribu."

Binti akalitazama. "Halijaisha."

"Na mimi sijaisha. Njoo."

Wakakaa. Springi zikawachoma mapaja. Chai ilikuwa imefika karibu nusu ndipo Binti akaanza kusema na ukuta.

Kule kwenye simu kuna kundi la watoto waliofiwa na mzazi. Humo alikutana na msichana aliyejiita Dada Pole, wa miaka kumi na sita, naye hana mama. Dada Pole alikuwa haishiwi muda. Umwandikie hata saa nane za usiku, yupo. Kila siku anauliza: umekula? umelala? umemwota? Kwa kuwa kuandika huku unalia ni kazi, Binti alianza kumtumia sauti, na ndizo sauti ambazo baba yake alizisikia akazipeleka kwa muuza misumari kama masomo. Kisha Dada Pole akaanza kutaka vitu. Jina la shule. Njia anayopita. Kisha waonane. Binti aliposita, ikaja sauti ya Dada Pole kwa mara ya kwanza. Ilikuwa ya mwanamume mtu mzima, mwenye kikohozi. Akasema Ijumaa saa tisa afike kituo cha mabasi peke yake, na kwamba akikaa kimya hata siku moja, darasa zima litasikia anavyolia na anayoyasema. Majina ya darasa anayo. Aliyempa ni yeye mwenyewe, akidhani anazungumza na dada.

Fundi alimeza chai yake yote kwa mara moja, ikamchoma.

"Huyo Dada Pole anakaa wapi, nimfuate?"

"Hakai mahali, baba. Yumo kwenye simu."

"Na simu imo kwenye kochi."

"Kochi gani?"

Fundi akautazama ukuta kwa bidii. "La Mwalimu Mkuu. Lipo sebuleni kwake."

Kitu kikamtoka Binti puani. Hakikuwa kicheko, ila kilikuwa jamaa wa kicheko, na kilikuwa hakijaonekana nyumba ile kwa muda mrefu. Halafu akaanza kulia kweli kweli, na Fundi, asiyejua mikono yake aiweke wapi, akamshikia kikombe.

*

Jumatano, kabla hata maduka hayajafunguliwa, wote watatu walikuwa kituo cha polisi. Askari wa mezani aliwasikiliza akichokonoa jino. Akauliza huyo mtu amemgusa mtoto? Bado. Wanamjua jina? Dada Pole. Askari akaacha jino.

"Simu yenyewe iko wapi?"

"Ndani ya kochi," akasema Fundi.

"Kochi la nani?"

Alipoambiwa, aliiweka kalamu chini polepole, kama mtu anayeweka yai. Akasema bila simu hakuna kesi. Wailete, wasifute kitu, wasimjibu huyo mtu, ndipo atafungua jalada. Shangazi akataka kujua kama mwizi akiwa amejifungia ndani ya nyumba ya mtu, huwa wanamwambia aliyeibiwa ailete nyumba. Fundi akamshika mkono wakatoka.

Kwa Mwalimu Mkuu walifika saa mbaya kuliko zote, soda zimeshafunguliwa. Fundi alikuwa na koti lake la kazi, mfukoni kisu na sindano. Mke wa Mwalimu Mkuu alifungua mlango wa mbele, akawaona, akaufunga, na kuwafungulia wa jikoni. Aliwaomba wavue viatu, na baada ya kuiona soksi ya Fundi akawaambia basi wavivae tu. Shangazi alibaki getini. Alisema atakayetoka na simu atamkuta amesimama hapo hapo, kituoni atarudi nayo yeye, na safari hii askari ataandika.

Sebuleni Afisa Elimu alikuwa ameketi juu ya kochi lile, mama mmoja mzito wa heshima, kiwiko chake cha kushoto kimetulia juu ya mkono ule ule. Mwalimu Mkuu alikuwa anamweleza jinsi shule yake inavyopambana na janga la mitandao kwa watoto. Alipomwona Fundi, tabasamu lake likabaki usoni bila mwenyewe.

Fundi akasalimia. Akaeleza kwamba amekuja kumalizia kazi. Kochi lilichukuliwa kabla halijajaribiwa, na kwake kochi halihesabiwi limekwisha mpaka likaliwe na watu wawili wa nyumba yake, ndiyo maana amekuja na binti.

"Kesho, Fundi," akasema Mwalimu Mkuu kwa meno. "Si unaona nina mgeni?"

"Haliwezi kungoja kesho, mwalimu."

"Kochi ndilo haliwezi kungoja?"

Pale pale mkono wa kochi ukatetemeka. Ulinguruma kama paka aliyeshiba. Afisa Elimu akainua kiwiko, akakitazama, akaugusa mkono wa kochi kwa kidole.

"Kochi lako lina homa," akamwambia mwenyeji wake.

"Ni springi, mheshimiwa. Mpya."

"Si springi," akasema Binti. Lilikuwa neno lake la kwanza ndani ya nyumba ile, na baba yake alimgeukia kwa mshangao.

Fundi akamwomba mgeni samahani, akamwomba asogee kiti kingine, na mgeni, ambaye huenda hajaambiwa asogee kwa miaka mingi, akasogea. Wakakaa, baba na binti, bega kwa bega. Mbele yao ukutani kulikuwa na picha ya Mwalimu Mkuu akipokea cheti kutoka kwa Mwalimu Mkuu mwingine. Fundi akapapasa mshono wake kwa kidole, akaupata, akautia kisu. Kazi ile ilikuwa nzuri, na kuichana kulimuuma zaidi ya alivyotegemea. Sponji likachungulia nje. Akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaitoa simu, taa yake ya chaji imekuwa nyekundu, akampa mwenyewe.

Binti akasoma. Zilikuwa nyingi, zimepangana kama watu mlangoni. Ya mwisho, ile iliyokitikisa kiwiko cha serikali, ilisema: Naona umechagua mwenyewe. Leo jioni natuma. Vidole vyake vikakimbilia kuandika. Fundi akaifunika simu kwa kiganja.

"Usimjibu."

"Atatuma, baba."

"Najua. Lakini yeye anayo sauti yako, mimi sina. Nisikilizishe kwanza."

"Hapa?"

"Tumekaa, si tumekaa? Akiirusha jioni, atakuwa anarusha kitu ambacho baba yako ameshakisikia."

Mwalimu Mkuu akasema kwamba hapa si mahali pake, kwamba kuna ofisi za mambo kama haya. Binti alimtazama baba yake, kisha akautazama ukuta, akabonyeza.

Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu aliyejifunika shuka. "Nyumbani hakuna anayeongea, dada. Baba anapiga makochi ngumi. Akinipita ananiuliza nimesoma, halafu anapita. Ningekuwa kochi angenishika. Anajifungia bafuni anafungulia bomba, anadhani hatusikii. Sasa na mimi nikilia si nitamzidishia? Siku nyingine nikilala naomba asubuhi isinikute."

Ikakatika. Jikoni bomba lilikuwa linadondosha maji, na mke wa Mwalimu Mkuu, aliyesimama mlangoni na trei, hakwenda kulifunga.

Fundi hakulia, au kama alilia ilikuwa kwa namna yake, bila kusogeza uso. Aliunyoosha mkono, akauweka juu ya bega la mtoto, akaubonyeza kidogo na kuuacha hapo, kama anavyofanya kwa sponji ambalo hajui kama litarudi juu. Akangoja. Bega likatulia chini ya kiganja chake.

Mwalimu Mkuu akakohoa. Alikuwa mtu wa hotuba, na ukimya mrefu nyumbani kwake mbele ya mkubwa wake ulimtia jasho. "Mnaona sasa?" akasema, akimgeukia Afisa Elimu zaidi ya Fundi. "Ndiyo haya ninayoyasema kila siku. Simu ndiyo adui. Mzazi angechukua hatua mapema, mtoto asingefika hapa."

"Nilichukua, mwalimu," akasema Fundi. Hakupandisha sauti. "Ulisema ninyang'anye, nikanyang'anya. Ulisema nifiche, nikaficha mpaka kwako. Na mchana ule ule mtoto akaketi chini akaniambia amekwisha. Sasa nimekuja unimalizie. Siku ile simu yako ililia, ukatoka, hukurudi. Kuna kipande kilibaki."

"Kipande gani?"

"Nikishamnyang'anya, nampa nini?"

Mwalimu Mkuu akamtazama Afisa Elimu. Afisa Elimu akautazama mkono wa kochi uliopasuka, sponji limetoka nje kama ulimi. Simu ikatetemeka tena mkononi mwa Binti, lakini hakuiangalia. Alikuwa amegeuza uso kutoka ukutani, anamtazama baba yake, na yeye pia alikuwa anangoja jibu.